Namna ya kuwasikia ndege wa safari zako ukiwa jikoni

Chukua kiberiti kilichobaki njiti nusu. Kishike kwa vidole viwili karibu na sikio, kitikise haraka haraka, acha kidogo, kitikise tena. Kama umewahi kupita vichaka vya Handeni msimu wa asali, umeshamtambua: ni yule ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki. Anatua mti wa karibu nawe, anapiga kelele hiyo hiyo ya kiberiti, anaruka mti wa mbele, anangoja ufuate. Yeye anataka nta na majana, binadamu anataka asali, na bila binadamu mwenye moto na shoka hawezi kulifungua gogo. Si hadithi za vijiweni hizi. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi na Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, walitangaza kwamba mrina asali akitoa mlio wa jadi wa kwao, "brrr" unaomalizikia na "hm", uwezekano wa ndege kumwongoza unapanda kutoka kama asilimia 33 hadi 66 kuliko akitoa sauti nyingine yoyote.

Nimeanza na kiberiti kwa sababu kipo kila nyumba, na kwa sababu ndani yake kuna jambo lote ninalotaka kukufundisha. Kiberiti hakiimbi. Hakina sauti nzuri. Lakini ukikitikisa kwa mwendo unaofaa kinakufikisha Handeni moja kwa moja, na moshi wa kufukuzia nyuki puani.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa viungo. Hiliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu nilivifuata Amani, juu kwenye milima ya Usambara, na vijiji vyake, asali Handeni, nazi Pangani, nikaviuza Tanga mjini. Miaka mingi nilikuwa mtu wa magunia na vituo vya mabasi. Sasa magoti yamekataa ngazi za basi, ninakaa Makorora, hapa hapa Tanga, na wajukuu, na safari zangu nazifanya kwa masikio. Najua wapo wengi walio kama mimi: mwenye mtoto mchanga, mwenye mgonjwa wa kuuguza, kijana aliyepata kazi ya dukani isiyo na likizo. Nawaandikia nyinyi hasa. Haya si mambo ya kubahatisha. Yana namna yake, na mtu akijifunza anayaweza.

Saa na mahali pa kukaa

Mchana wa Tanga ni wa kunguru. Hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaenea pwani yote, na wakishaanza mabishano yao juu ya mwarobaini hutasikia kitu kingine. Kwa hiyo zipo saa tatu zinazofaa. Ya kwanza ni baada ya swala ya alfajiri, kabla mwanga haujakamilika, wakati watu wanaanza kuchota maji na kufagia uwanja. Ya pili ni saa nane mchana, joto likiwa limewalaza watu na kunguru wamejibanza vivulini. Ya tatu ni usiku, nyumba ikishalala. Mimi naipenda zaidi ya kwanza, kwa kuwa sauti za alfajiri ni chache na kila moja ina mwenyewe.

Kaa jikoni au uani, usikae sebuleni. Mapazia na makochi yanameza sauti. Uani kuna saruji, bati na ndoo, sauti inagonga na kurudi, kama msituni inavyogonga magogo. Zima redio. Simu iweke mbali, maana milio yake imetengenezwa makusudi ikushtue, na mtu aliyeshtuka hasikilizi.

Shika mwendo, acha uzuri

Watu wengi wakiambiwa watafute sauti inayofanana na ndege, wanatega sikio kwa kitu kinacholia tui-tui. Wakifanya hivyo wataambulia simu ya jirani. Ndege hatambulikani kwa uzuri wa sauti. Anatambulikana kwa mwendo: anapiga mara ngapi kabla ya kupumzika, anapumzika kwa muda gani, sauti inapanda au inashuka, inaongeza kasi au inachoka. Ukijiuliza mambo hayo manne juu ya sauti yoyote ya nyumbani, utashangaa ni ndege wangapi wanaishi kwako.

Usimtaje ndege kwanza. Ukishasema "huyu ni fulani", sikio linafunga mlango na kuanza kusikia kile ulichokitaja. Iandike kwanza sauti kwa silabi, hata nyuma ya risiti, vile ambavyo mdomo wako ungeitoa: tok-tok-tok, gudugudu, kriii-ka. Lugha yetu imebarikiwa kwa hili. Mtoto wa miaka minne atakuambia kitu kimeanguka chubwi au kimeanguka pu, na utajua kilianguka majini au mchangani.

Nikupe mfano wangu mkubwa. Mtaa wa nyuma yangu yupo fundi anayetengeneza majiko ya mkaa kwa bati za madebe. Anapiga tok-tok-tok-tok. Anasita ageuze bati. Tok-tok-tok-tok-tok. Anasita tena. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimsikia na kujihisi vizuri bila kujua sababu, mpaka nilipoandika mapigo na mapumziko yake kwenye karatasi nikaona: huyu ni kitororo wa Amani. Kitororo ni ndege mdogo kuliko shomoro, mweusi mgongoni, kiuno cha njano, mistari myeupe usoni. Humwoni kirahisi kwa sababu anakaa juu kwenye majani, lakini mlio wake wa kugonga chuma unaendelea mchana kutwa, mapigo machache, pumziko, mapigo machache, pumziko. Waingereza nao walimpa jina la fundi wa kuziba masufuria, kwa hiyo mimi na fundi majiko wangu hatuko peke yetu.

Sasa angalia umuhimu wa lile pumziko. Kitororo huyu ana ndugu yake, mwenye wekundu kwenye paji la uso, anayekaa nyika kavu. Yule hugonga mfululizo, hapumziki. Siku fundi akipata kazi ya haraka na kugonga bila kusita, siko tena Amani kwenye ukungu. Niko upande wa Mkomazi, kwenye miiba na vumbi jekundu, midomo imekauka, nasubiri gari la kurudi Korogwe. Nyundo ni ile ile na bati ni lile lile. Pumziko ndilo lililonihamisha kutoka mlimani hadi nyikani.

Maji ya dumu

Dudumizi anastahili nafasi yake peke yake, kwa sababu ndiye ndege rahisi kuliko wote kumpata nyumbani na ndiye watu wanaomkosea zaidi. Wengine wanamwita tipitipi. Ni ndege mkubwa wa vichakani, mbawa za rangi ya kutu, mkia mrefu, jicho jekundu, anaruka kwa uzito kana kwamba hakuzoea. Wazee wa pwani wanasema akiimba mvua iko njiani.

Chukua dumu la lita tano lililojaa maji, lile la mdomo mwembamba, uliinamishe lote kwa mara moja juu ya ndoo. Gudu-gudu-gudu-gudu. Kila hewa inapoingia ndani kuchukua nafasi ya maji, linatoa pigo moja. Kadiri dumu linavyobaki wazi, mapigo yanakuwa mazito na ya chini zaidi. Hapo una nusu ya kwanza ya dudumizi: anaanza juu, anateremka haraka haraka hadi chini. Wengi wanaishia hapo. Lakini dudumizi mara nyingi akifika chini anapanda tena kidogo mwishoni, na dumu linalomwagika halipandi. Ili kuipata nusu ya pili, lazima ujaze. Weka chupa tupu chini ya bomba: maji yanapopanda ndani, hewa inabaki kipande kifupi juu yake, na sauti inazidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo ukimimina kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa kwa faneli au kwa mkono usiotetemeka, unamsikia mzima mzima, anashuka na kupanda.

Nifanyapo hivyo ninakuwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, nasubiri kivuko kinirudishe upande wa mjini na nazi zangu. Dudumizi mmoja huanza kichakani, mwenzake humjibu kutoka upande mwingine, na maji ya mto yanapita taratibu kwenda baharini. Kwa hiyo mjukuu wangu anapoagizwa kujaza chupa za kuweka kwenye friji, namwambia afanye polepole. Zamani alidhani namhofia kumwaga maji.

Wengine, kwa ufupi

Mfuniko wa sufuria ukiuangusha sakafuni ukazunguka: wa, wa, wa-wa-wawawawa, unaharakisha hadi unanyamaza. Huyo ni pugi, yule njiwa mdogo wa vichakani mwenye madoa ya kijani kwenye bawa. Anaanza kwa kusitasita, kisha mlio unateremka na kuongeza kasi mpaka unakwisha. Ukipita njia ya Kigombe saa za jua kali ni yeye peke yake anayesema.

Bawaba ya mlango yenye kutu ni mlamba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda. Sauti zake nyingi ni za kukwaruza na kukatika. Bawaba hulia hivyo kwa sababu chuma kinashika chuma, kinaachia, kinashika tena, mara nyingi sana kwa sekunde. Kwa hiyo usipige mafuta mlango wako kabla hujaurekodi. Na umjue mlamba tabia yake: anaiga milio ya hofu ya ndege na wanyama wengine, wakikimbia yeye anabeba chakula walichoacha. Ukisikia bawaba ikilia kama ndege watatu tofauti, ni sawa kabisa. Na mlamba mwenyewe ndivyo alivyo.

Pampu ya baiskeli. Hapa Tanga baiskeli hazijaisha na Mungu azidumishe. Sikiliza fundi akijaza gurudumu: fyuu, fyuu, fyuu, pumzi nzito zenye nafasi sawa. Hiyo si sauti ya koo la ndege, ni ya mbawa. Hondohondo wakubwa wa Usambara wakipita juu ya msitu unawasikia kabla ya kuwaona, kwa kuwa chini ya mbawa zao hawana yale manyoya madogo ya kuziba nafasi, hewa inapita katikati ya manyoya makubwa na kuvuma. Mara ya kwanza nilipowasikia pale Monga nilitazama barabarani nikitafuta lori.

LUKU ikikaribia kuisha uniti inalia pi moja, kimya, pi, kimya. Usiku ukiwa umetulia, huyo ni bundi mdogo wa nyika, asiyezidi kiganja na vidole vyako kwa urefu, anayetoa mlio mfupi kila baada ya sekunde chache, saa nzima bila kuchoka. Sikiliza kidogo, kisha ununue umeme.

Na filimbi. Watoto wakifanya mazoezi ya mpira na mwalimu akipiga filimbi fupi fupi za haraka kwa sauti ya usawa, kama saba hivi, basi ni sululu wa ufukweni, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Nampenda huyu kwa sababu yeye mwenyewe ni msafiri: anazaliana kaskazini ya mbali, Ulaya na Siberia, kisha anakuja kwenye mikoko na matope yetu kukimbia baridi yao. Ukimsikia Tanga mwezi wa Desemba, jua kwamba ametoka mbali kuliko safari zako zote ukizijumlisha.

Kuifuata sauti hadi mahali

Umeshika mwendo, umeuandika. Sasa safari. Kosa linalorudisha watu nyuma ni kujiuliza "hii niliisikia lini?" Akili haikuhifadhi kwa tarehe. Jiulize mkono wako ulikuwa umeshika nini. Kisha miguu ilikuwa juu ya nini. Kisha pua. Tarehe itakuja yenyewe au haitakuja, na hakuna hasara.

Mimi fundi majiko anapogonga, naanza na mkono: kamba ya mkonge, inakwaruza kiganja, kwa sababu nimeinua mizani ya kuning'inia yenye gunia. Miguu: udongo mwekundu wenye utelezi, viatu vya plastiki. Pua: hiliki mbichi. Hapo uwanja wote unafunguka. Ni Shebomeza, juu ya Amani, na mbele yangu yupo mama mtu mzima anayeniuzia, amekunja mikono anatazama mshale wa mizani. Nikiharakisha kusoma ananiambia, "Polepole, mwanangu. Yule aliye juu anahesabu na hakosei." Alimaanisha kitororo. Namjibu, "Sawa, mama, tuhesabu upya." Tukahesabu upya, na kila mara ilikuwa sawa, lakini ndivyo alivyotaka biashara iende: bila haraka na mbele ya shahidi.

Ukifika mahali, usiondoke mara moja. Geuka. Angalia kushoto kwako kulikuwa na nini. Mimi nimeshapata hivi vitu nilivyodhani vimepotea: rangi ya mlango wa duka la Kisiwani tulikokuwa tukinywa chai kabla gari halijaanza kupanda, jinsi mto Zigi unavyosikika kabla ya kuonekana, kibao cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na dereva akilalamika kwamba sasa kuni hazitapatikana njiani kama zamani.

Na nikuonye kwa upendo: sauti nyingine zitakupeleka kwa watu waliotangulia. Huko Amani kuna hondohondo mwingine, mdogo kuliko yule wa mbawa za kuvuma, ambaye hulia kama mtoto mchanga, kilio kirefu cha kubembelezwa. Mgeni akikisikia anasimama. Dereva wetu wa Land Rover, Mungu amrehemu, alikuwa akizima injini pale penye kona za kupandia, anashusha kioo na kuuliza abiria wapya, kwa uso wa mtu mwenye wasiwasi kweli, "Jamani, nani kaacha mtoto msituni?" Sasa jirani yangu amejifungua. Mtoto akilia saa tisa usiku ninamsikia dereva. Hapo mwanzo nilikuwa najifunika shuka kichwani. Siku hizi nakaa kitandani namwombea dua, kisha nabaki naye mpaka mtoto anyonyeshwe. Ikikulemea, amka ushike kazi ya mkono, chambua mchele, osha kikombe. Usiikimbie sauti moja kwa moja, maana ukiikimbia leo kesho utaziba masikio kwa zote.

Kuhakikisha

Kumbukumbu hupenda kutengeneza. Kwa hiyo baada ya kuandika na kusafiri, na baada tu, mtafute ndege wa kweli umsikilize. Kuna hazina ya intaneti inaitwa xeno-canto, imekuwepo tangu 2005, ambako watu wa dunia nzima wanaweka sauti za ndege walizorekodi na kusikiliza ni bure. Majina yetu hubadilika kila kijiji, na pwani jina moja linaweza kubeba ndege wawili, kwa hiyo tafuta kwa majina ya kisayansi. Ndege wa asali ni *Indicator indicator*. Kitororo wa Amani ni *Pogoniulus bilineatus*, yule wa nyikani asiyepumzika ni *Pogoniulus pusillus*. Dudumizi *Centropus superciliosus*, pugi *Turtur chalcospilos*, mlamba *Dicrurus adsimilis*, bundi mdogo *Otus senegalensis*, sululu *Numenius phaeopus*. Hondohondo wa mbawa za kuvuma ni *Bycanistes brevis*, na yule wa kilio cha mtoto *Bycanistes bucinator*.

Sikiliza rekodi mbili au tatu za kila mmoja, ikiwezekana zilizochukuliwa Tanzania au Kenya, kisha linganisha na silabi zako. Usidai zifanane kila kitu. Sanduku la sauti la ndege liko chini kabisa ya koo, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafu mawili, na pande zake mbili zinaweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Hakuna bawaba wala dumu litakaloweza hivyo. Kinachotakiwa kulingana ni mwendo. Mwendo ukilingana na wewe ukafika mahali, umefaulu. Mwendo usipolingana, mfute ndege lakini usiifute safari. Pengine kilichokupeleka si ndege, ni pampu ya kweli au fundi wa kweli uliyempita njiani siku ile.

Ukiwa na mzee aliyekulia huko, muulize yeye kabla ya intaneti. Mpigie silabi zako kwenye simu. Atakusahihisha kwa kuimba, na kuimba kwake kutakufaa kuliko rekodi.

Kurekodi na kugawana

Simu yoyote yenye kinasa sauti inatosha. Izime mtandao ili ujumbe usiingie katikati. Iweke juu ya khanga iliyokunjwa, si juu ya meza, kwa sababu meza inatetemeka na mtetemo unaingia. Isogeze karibu na kitu chenyewe, urefu wa mkono mmoja hivi, ukiikinga upepo wa bahari kwa mwili wako. Rekodi nusu dakika, usiseme neno, kisha mwishoni taja kwa sauti kitu, mahali na saa: "Mfuniko wa sufuria kubwa, jikoni Makorora, alfajiri." Hiyo sauti yako ya mwisho itakusaidia kuliko jina la faili. Ukitaka kurudia, rudia papo hapo. Sufuria inapasuka, bawaba inabadilishwa, fundi anahama.

Kisha mpelekee mtu mliyesafiri naye, bila maelezo. Usimwambie ni nini wala ni wapi. Shoga yangu wa biashara, aliyehamia Lushoto kwa mwanawe, nilimpelekea sauti ya maji ya dumu peke yake, hakuna neno. Alinipigia kabla sijaweka simu chini. "Wee! Kivuko kimefika au bado?" Tukaongea mpaka salio likakatika. Alinikumbusha mzigo wa nazi uliofunguka kamba tukiwa katikati ya mto, jambo ambalo mimi peke yangu nisingelipata hata ningemimina maji mwaka mzima. Safari ya watu wawili imehifadhiwa nusu kwa nusu, na kila mmoja anahitaji ya mwenzake.

Watoto wafundishe kwa kuwauliza, usiwaambie jibu. Mjukuu wangu mdogo alikuja mbio siku moja: "Bibi, LUKU ina ndege!" Nikamwambia, "Mhesabie basi. Anapumzika kiasi gani?" Akakaa chini akahesabu kwa vidole mpaka baba yake aliponunua umeme, akakasirika kwelikweli kwamba ndege amefukuzwa. Yeye hajawahi kufika Handeni. Siku atakapolala huko na kumsikia bundi mwenyewe, kumbukumbu yake itasafiri kinyume cha yangu, kutoka porini kuja Makorora.

Na hilo ndilo unaloweza kulifanya wewe ukipata nafasi ya kusafiri. Ukienda Amani, shuka Muheza, panda gari la Amani asubuhi, teremka pale Zigi kabla ya mlima kuanza, kaa chini ya miti na daftari. Kila ndege utakayemsikia, mbali na jina lake, andika ni kitu gani cha nyumbani kwako anachofanana nacho: ndoo ya nani, mlango upi, cherehani ya shangazi. Usiwachezee ndege rekodi zao kwa simu ukiwa msituni. Kila mmoja ana eneo lake analolilinda, akisikia sauti ya mgeni anaacha kula na kulisha makinda akimtafuta adui asiyekuwepo. Beba maji, koti jepesi maana kule juu kuna baridi hata Tanga ikiwaka, na kalamu ya risasi, kwa sababu karatasi ikilowa ukungu wa Amani kalamu za wino hugoma kuandika. Na beba kiberiti, chenye njiti nusu.